Dakika Thelathini za Baba Rebeka

Jumatatu, 7 Oktoba

Daftari hili nimelinunua leo kwa amri ya Nesi Justa wa zahanati. Mimi Modesta niliishia darasa la tano, mwandiko wangu unapanda na kushuka, lakini Nesi amesema atausoma hivyo hivyo.

Mume wangu Obedi kapimwa sukari, imefika kumi na sita. Nesi akamwangalia kuanzia juu mpaka chini. "Baba, kazi yako nini?"

"Fundi cherehani."

"Unakaa kwenye kiti tangu saa ngapi?"

"Tangu huyu Rebeka wetu hajazaliwa."

Rebeka ni binti yetu, yuko kidato cha tatu. Nesi hakucheka. Alisema dawa atakunywa, wali na soda atapunguza, lakini kila siku ya Mungu atembee nusu saa, mwendo wa mtu aliyechelewa. Alisema miguu ikifanya kazi inaila ile sukari iliyozagaa kwenye damu, presha inashuka, moyo unapata nguvu, na usingizi unakuja wenyewe. Tena avae viatu vya kufunika, ndala hapana, kwa sababu miguu ya mtu wa sukari inakufa ganzi, anaweza kuumia asijue. Kisha akanigeukia mimi. "Mama, wewe ndiye utaandika. Ametembea, hajatembea, dakika ngapi. Siku ya kliniki uje nalo."

Nimeandika. Kumi na sita!

Jumanne, 8 Oktoba

Hajatembea. Anasema aende wapi na hakuna aliyemwita.

Jumatano, 9 Oktoba

Hajatembea. Mvua ya kwanza ya vuli, imenyesha toka alfajiri.

Alhamisi, 10 Oktoba

Dakika kumi. Alikwenda mpaka kwa muuza nyanya akarudi na nyanya. Nilimuuliza kama ana kizunguzungu, kama miguu inawaka moto, kama amekunywa maji. Akasema, "Mama Rebeka, mpe mtu nafasi ashushe pumzi."

Jumamosi, 12 Oktoba

Amepata raba za mtumba, za bluu zenye mstari mweupe. Zimemkaa. Dakika kumi na tano.

Jumapili, 13 Oktoba

Sikulala vizuri kwa mawazo. Akianguka njiani peke yake nani atajua? Mimi siwezi kwenda naye, ile saa ya kutembea ndiyo saa ya vitumbua vyangu, wateja wa Igoma wanaanza kupita kabla jua halijatoka. Nikakumbuka Odeta. Huyu ni jirani yetu wa geti la kijani, mjane, kwao Nansio, anauza dagaa sokoni. Ana presha, na kila asubuhi namwona anapita na matembezi yake, mikono inakwenda kama askari. Baada ya ibada nikamfuata mwenyewe. Nikamwambia, "Dada Odeta, nisaidie. Uwe unapita na Baba Rebeka, asije akaanguka."

Akasema, "Hilo tu? Kesho aniwahi getini."

Namshukuru Mungu kwa majirani.

Jumatatu, 14 Oktoba

Dakika thelathini! Wamefika mpaka kwenye kalavati la njia ya Kishiri na kurudi.

Jumanne, 15 Oktoba

Thelathini.

Jumatano, 16 Oktoba

Thelathini. Mvua iliwakuta, wakajibanza. Sijui wapi.

Jumapili, 20 Oktoba

Wiki nzima hajakosa. Usiku halali tena kama mtu anayekata magogo, analala kimya mpaka namsogelea kusikiliza kama anapumua. Mkanda umeingia tundu la ndani. Leo alipotoka kuoga alikuwa anapiga mluzi. Rebeka akasema, "Baba kawa kijana." Tukacheka wote.

Jumatatu, 28 Oktoba

Kuanzia leo mambo mengine nitayaandika huku nyuma ya daftari. Mbele ni kwa Nesi, nyuma ni kwangu.

Asubuhi Suzana alikuja kununua vitumbua. Suzana wa mashine ya kusaga, kila kitu cha Igoma anakijua kabla hakijatokea. Akainama karibu na karai langu, akasema kwa sauti ya chini, "Mayu, mama yangu, mimi siyo mtu wa maneno. Ila nisipokwambia nitakuwa nimekukosea. Mzee wako anatembea na Odeta."

Nikamwambia, "Najua. Mimi ndiye niliyemwomba."

Kitumbua kikamponyoka. "Umemwomba wewe?"

"Ndiyo. Nilimfuata mwenyewe kwake baada ya ibada."

"Modesta! Na wewe unakaa hapa unageuza vitumbua?"

"Sasa nifanyeje? Mimi saa hiyo sina nafasi. Wala hawachukui muda, nusu saa tu wanakuwa wamemaliza. Nesi ndiye kasema, kila siku, kwa ajili ya sukari. Na anarudi amechangamka huyo, hata usingizi anaupata."

Suzana alishika mdomo kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kutikisika. Ndipo nikaona nilichokuwa nakisema. Nikasema, "Wewe! Kutembea kwa miguu!" Akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka, machozi yakatutoka wote wawili.

Lakini ameondoka na neno ameniachia. Toka asubuhi nalisikia kila nikigeuza kitumbua. Anatembea na Odeta. Anatembea na Odeta. Nikikaa nikiangalia, huo mluzi. Huo mkanda. Hizo raba za bluu. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili anaanza kunyoa ndevu kila siku ili apite mbele ya kalavati?

Jumatano, 30 Oktoba

Thelathini na tano. Ile tano ilikuwa ya nini?

Ijumaa, 1 Novemba

Nimemuuliza Odeta wanaongea nini. Akasema, "Aa, mambo tu." Ana meno mazuri. Sikuwa nimeyaona siku zote hizi.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimefanya kitu cha aibu, nakiandika upesi kabla sijakibadilisha.

Nilimwachia Rebeka karai, nikasema nina tumbo. Nikapita njia ya nyuma nikatangulia, nikajificha nyuma ya jiwe kubwa pale wanapofyatua matofali. Mwanamke wa miaka arobaini na tano nimechuchumaa na kanga kichwani. Kulikuwa kumekucha kabisa, ukungu unaondoka mabondeni, kule mbali ziwa limelala jeupe. Nikawaona wanakuja. Hawakushikana. Hata hawakukaribiana, katikati yao angepita mtu na baiskeli. Odeta mbele kidogo na mikono yake ya askari, Obedi anamfuata.

Nikasema asante Mungu, Suzana ni mwongo. Nilikuwa nimeshaanza kunyanyuka.

Ndipo Obedi akacheka.

Siyo kile kicheko chake cha nyumbani cha kutoa hewa puani. Alicheka kwa tumbo, akasimama akashika magoti, akasema, "Subiri, subiri, sijamaliza," akaendelea kusimulia na mikono inapaa. Obedi! Ambaye nyumbani neno lake ni "sawa" na "baadaye". Nimekaa naye miaka ishirini na miwili, nimemzalia, nimemuuguza malaria, nimemzika mama yake. Kicheko kile sikijui.

Nimerudi nyumbani miguu imekuwa mizito kama yangu ndiyo yenye sukari. Afadhali ingekuwa ile ya Suzana. Ningelia, ningeita wazee, wangekaa, watu wangenipa pole. Hii ya kutembea kweli naipeleka wapi? Nitawaambia wazee mume wangu kanikosea nini? Kacheka?

Jumatatu, 4 Novemba

Kliniki. Sukari tisa. Nesi Justa kapiga makofi. Kasoma kurasa za mbele zote, kaweka alama ya vema kama mwalimu. "Baba, umewezaje?"

Obedi akasema, "Ni Odeta. Yule mama ananitembeza kweli."

Mimi niliyeandika, niliyepima wali kwa kikombe, niliyeamka kila siku kumpa dawa, nilikuwa nimekaa pale pale kwenye benchi nimeshika mwavuli wake.

Jumanne, 5 Novemba

Nilikwenda sokoni. Odeta alikuwa anapanga dagaa mafungu mafungu. Nilikuwa nimepanga kusema taratibu. Mdomo ukasema, "Odeta, kuanzia kesho uache kutembea na mume wangu."

Soko lote likageuka. Mwenye nyanya kaacha kuhesabu. Odeta kaangalia kulia na kushoto. "Mama Rebeka, sema vizuri. Watu wanasikia vingine."

Nilijua wanasikiaje. Nilijua. Nikasema, "Wasikie."

Alifunika dagaa zake na turubai saa nne asubuhi, jua linawaka, siku nzuri ya kuuza, akaondoka. Alipofika mbele yangu akasema, "Sawa, dada. Sitatembea."

Nilidhani nitasikia raha.

Jumatano, 6 Novemba

Obedi bado hajajua mambo ya sokoni. Nikawaza, je, akitafuta mwenzake mwingine? Nikazifunga zile raba kwenye kanga kuukuu nikazitumbukiza kwenye debe la unga, sasa hivi ni tupu mpaka tusage. Asubuhi akatafuta uvunguni, akatafuta nyuma ya mlango, akamuuliza Rebeka. Mimi nikainamia vitumbua. Nikajua bila raba atabaki nyumbani, akitaka kuongea aongee na mimi.

Amevaa ndala akaenda peke yake. Dakika ishirini.

Alhamisi, 7 Novemba

Ishirini. Ndala.

Ijumaa, 8 Novemba

Ishirini. Sasa habari ya sokoni anayo, naona kwa jinsi alivyoshika kikombe. Nilimuuliza una nini, akasema sawa. Nilimuuliza chai ina sukari, akasema sawa.

Jumapili, 10 Novemba

Hajatembea. Mvua. Odeta kanipita kanisani akakaa benchi la mbele kabisa.

Jumanne, 12 Novemba

Kumi na tano. Ndala. Mluzi umekwisha.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo nilikuwa nadeki nikaona alama kwenye sakafu. Doa, hatua, doa, hatua, kuanzia kitandani mpaka mlangoni. Nikadhani ni maji ya udongo. Kitambaa kikarudi chekundu.

Nikamfuata kibandani. Alikuwa anashona sare za shule, mguu unakanyaga cherehani kama kawaida. Nikamwambia, "Baba Rebeka, nyanyua mguu." Akanyanyua wa kushoto. "Ule mwingine." Chini ya mguu wa kulia, karibu na dole gumba, kulikuwa na shimo jeusi, pembeni pamevimba na kung'aa, na katikati kitu kinametameta. Nikashika ndala yake nikaigeuza. Sindano ya cherehani, iliyovunjika, ilikuwa imepita kwenye ile ndala laini kama inapita kwenye siagi. Nusu kwenye ndala, nusu kwenye mguu wa mume wangu.

"Toka lini?" nikamuuliza.

Akauangalia mguu kama mguu wa mgeni. "Sijui. Sijasikia kitu."

Hajasikia! Sindano! Mimi napiga kelele nikichomwa na mwiba wa samaki, na yeye ametembea na chuma mguuni, ametembea nacho, nami nimeandika hapa dakika ishirini, dakika ishirini, dakika kumi na tano.

Sikumbuki tulivyofika hospitali. Nakumbuka mvua, na Rebeka amemshika baba yake kwapani. Daktari aliitoa ile sindano akaosha, usaha ukatoka. Sukari kumi na saba. Akaminya juu ya kifundo, akauliza unasikia hapa, Obedi akasema hapana. Hapa? Hapana. Mpaka karibu na goti ndipo akasema kidogo. Daktari akanivuta pembeni. "Mama, tutampa sindano za dawa na tutasafisha kila siku. Ikikataa, tutaondoa dole. Ikipanda, tutaongea mambo mengine." Kisha akauliza, "Kwani alikuwa anatembea na nini miguuni? Hamkuambiwa viatu vya kufunika?"

Nikasema tuliambiwa.

Jumatatu, 18 Novemba

Dole bado lipo. Homa imeshuka.

Nesi Justa alipita wodini kumwona, akaomba daftari. Nilikuwa nalo kwenye mkoba. Nilikuwa nimekwisha shika kurasa za nyuma nizichane, vidole vilikuwa tayari. Sijui kwa nini nilimpa lote.

Kasoma mbele. Akafungua nyuma. Nikaona macho yake yanakwenda na kurudi, yakasimama. Akasoma polepole kwa sauti ndogo, "Nikazitumbukiza kwenye debe la unga." Nilingoja anitukane. Alifunga daftari akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sahani.

"Baba Rebeka analijua hili?"

"Hapana."

"Mimi kwenye faili nimeandika kidonda cha sindano. Hilo lingine ni la kwenu."

Jumanne, 19 Novemba

Nimemwambia. Nilingoja wagonjwa wa pembeni walale mchana, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikasema yote, na jiwe, na kanga kichwani, na debe.

Alivuta shuka akafunika mguu. Kisha akasema, "Zile raba nilizikuta siku ile ile."

"Ulizikuta?"

"Nani anaficha kitu kwenye debe la unga lisilo na unga? Nilifunika nikaacha. Nikasema nikizitoa, nyumba itawaka. Nivae ndala, mama atulie."

Nimeandika hapo juu kwamba yeye haongei. Leo nilitamani asingeongea. Angenipiga kelele ningeweza kubeba. Kumbe aliona, akapima, mguu wake huku na hasira yangu huku, akaona hasira yangu ndiyo ya kuogopa zaidi.

Nikamwuliza, "Kwa nini ukiwa na mimi hucheki vile?"

Akasema, "Nimechoka, Mama Rebeka. Baadaye."

Jumapili, 24 Novemba

Karudi nyumbani na magongo. Dole limenusurika kukatwa, kidonda bado.

Nilikwenda kwa Odeta. Nilibeba vitumbua, nikaona aibu kuvitoa, nikakaa navyo mapajani. Akaniacha nikae. Ukutani ana picha ya marehemu mumewe amekaa kwenye kiti cha magurudumu. Nimeingia nyumba ile mara ngapi, sijawahi kuuliza kile kiti kilikuwa cha nini.

Nikasema, "Dada Odeta, nilisema neno nikijua watu watalisikiaje. Nilikusudia. Nitakwenda sokoni nilirekebishe mbele ya wale wale."

"Utakwenda?"

"Kesho."

Akaangalia ile picha. "Huyu alianzia kwenye kidole. Kidogo hivi, kama punje ya mahindi. Ndiyo maana uliponiomba sikukataa. Nilisema huyu wa Modesta hatakatwa mimi nikiangalia."

Nililia. Akanipa kona ya kanga yake, siyo yangu, yake. Nilipotulia nikamuuliza lile linalonila. "Mnaongea nini?"

"Wateja wake. Yule mwenye kitambi aliyeleta suruali ipanuliwe mara nne. Ananiigizia."

"Mimi hanihadithii."

Odeta akacheka kidogo. "Dada, usikasirike. Wewe ukimwona unamuuliza. Umekula? Umekunywa dawa? Miguu inawaka? Umelala? Kwako yeye ni mgonjwa. Mimi simuulizi kitu, natembea tu. Mtu asiyeulizwa anaanza kuongea mwenyewe."

Nimerudi na vitumbua vyangu na wivu wangu. Ndiyo, bado ninao. Kwa nini yeye alijua na mimi sikujua?

Jumatatu, 25 Novemba

Nimekwenda sokoni, nimesema. Mwenye nyanya kasema hakuna aliyeamini. Mwongo, wote waliamini.

Jumatatu, 9 Desemba

Kidonda kimekauka pembeni. Namwosha kila asubuhi na maji ya uvuguvugu, nakagua katikati ya vidole. Leo nimemwosha bila kuuliza swali hata moja. Nilikuwa na kama kumi. Nimeyatafuna.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Odeta alikuja kula. Obedi aliigiza yule wa kitambi mezani, Rebeka akapaliwa na soda. Nilicheka, lakini nilikuwa naangalia anamwangalia nani wakati anaigiza. Alikuwa anaangalia ugali.

Alhamisi, 2 Januari

Nesi Justa kasema kidonda kimefunga. Atembee, aanze na dakika kumi, raba na soksi safi, na kabla ya kuvaa aingize mkono ndani ya kiatu apapase. Akaniangalia mimi aliposema viatu.

Odeta yuko Nansio kwa mama yake mpaka mwezi uishe.

Jumamosi, 4 Januari

Rebeka yuko likizo, nimemkabidhi karai. Mvua zimekwisha, barabara imekauka. Nimetoa raba za bluu nikapapasa ndani mpaka kwenye ncha, nikapapasa tena, nikampa. Na mimi nimevaa raba za Rebeka, zinabana.

Tukatembea. Mwanzoni nilikuwa nakimbizana na ulimi. Nilitaka kumuuliza kama kidonda kinauma, nikatazama nguzo ya umeme. Nilitaka kumuuliza kama amechoka, nikatazama mbuzi. Tumepita pale kwenye jiwe la matofali, nikaangalia upande mwingine. Kimya. Nikajisemea, basi, kicheko kilikuwa cha Odeta, kimekwenda naye Nansio.

Karibu na mashine ya kusaga akasema, "Yule wa suruali kaja juzi."

Sikuuliza kaja kufanya nini. Nikatafuta mbuzi mwingine wa kumtazama.

"Kapungua," akasema. "Anataka ipunguzwe." Akasimama, akashika magoti, na kile kicheko kikatoka, kile cha tumboni, mbele yangu, siyo nyuma ya jiwe. "Daktari kamwambia na yeye atembee!"

Suzana alikuwa mlangoni na unga mpaka kwenye nyusi. Akapaza sauti barabara nzima isikie, "He! Modesta! Na wewe siku hizi unatembea na nani?"

Nikamwambia, "Na mume wa Mama Rebeka. Usije ukamwambia, ana wivu yule."

Dakika kumi na nne. Nesi alisema kumi.